Mjadala: Mteja akija na mpango wa hatari, duka la mbizi limkatae?

Wakuu, naleta hoja. Wapo wanaosema duka la mbizi, yaani linalopeleka watu kuzamia baharini na kujaza mitungi ya hewa, halina mamlaka ya kumkatalia mteja. Ni mtu mzima, ana kadi yake ya mafunzo, amelipa, na ametia sahihi fomu kwamba lolote litakalompata ni juu yake. Mimi nimeongoza watu majini kwa miaka, na msimamo wangu ni kwamba duka lina haki ya kukataa, na kuna siku linalazimika kukataa hata kama boti itaondoka na viti vitupu.

Asubuhi moja walikuja marafiki wawili wenye kadi za ngazi ya kwanza, ile inayoishia mita 18. Walitaka kushuka kwenye meli iliyozama mita 40 na kukaa huko dakika 25, kila mmoja na mtungi mmoja wa lita 12. Kompyuta ya mbizi, ile inayopima kina na muda ukiwa majini, walikuwa nayo moja, ya kutumia wote wawili. Sikubishana nao. Nilichukua karatasi tukapiga hesabu pamoja.

Juu ya maji mtu mtulivu anavuta takriban lita 20 za hewa kwa dakika. Juu ya maji shinikizo ni bar 1 (bar ni kipimo cha shinikizo), na kila ukishuka mita 10 linaongezeka bar 1, kwa hiyo mita 40 ni bar 5, na mapafu yaleyale yanataka hewa mara tano: lita 100 kwa dakika. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 una lita 2,400. Dakika 25 zinadai 2,500. Yaani hewa inawaishia wakiwa bado chini, na hapo hatujagusa ya kupandia wala akiba, wala hofu, maana mtu akishtuka anavuta hata mara mbili. Tena hewa ingetosha bado kuna naitrojeni, gesi ya hewani inayoingia mwilini ukiwa chini. Majedwali ya mbizi za burudani, kwenye mita 40, yanaruhusu kama dakika 10 tu au pungufu. Ukizidisha, huwezi tena kupanda moja kwa moja; lazima usimame njiani itoke mwilini polepole, la sivyo inafanya viputo kwenye damu na maungo.

Mmoja wao alinyakua kalamu akazidisha upya mwenyewe. Akaiweka chini, akamtazama mwenzake, hakusema kitu.

Sasa hii ya "ni mwili wake." Mbizi haipigwi hivyo. Kiongozi akiona mteja anazidi kushuka atamfuata, hata kama hewa yake mwenyewe haimtoshi. Mwenzake akiishiwa, wawili watavuta mtungi mmoja ambao nao umebaki robo. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyetajwa kwenye ile fomu.

Wengine wanasema muacheni, akifika chini ataona mwenyewe na kugeuza. Kuanzia mita 30 hivi naitrojeni huanza kulevya, na mlevi wa kina hajijui. Anaona kila kitu shwari. Uamuzi ufanywe dukani, kichwa kikiwa kikavu. Kule Blue Hole, shimo refu la baharini huko Dahab, Misri, kuna upinde wa mwamba kwenye mita 55 hivi ambao umevuta wapiga mbizi wengi wakiwa na mtungi mmoja wa hewa ya kawaida. Kina hicho tayari kinafikisha shinikizo la oksijeni unayovuta karibu na bar 1.4, ambapo mafunzo yanasema mwisho. Ukipita hapo degedege linaweza kukushika, kifaa cha kupumulia kikutoke mdomoni. Ufukweni, kwenye jabali, kuna vibao vya majina ya waliofia pale.

Nakubali upande wa pili una kilio cha haki. Yapo maduka yanayokataa ili yauze kozi, na yapo yanayomwangalia mtu umri au umbo na kuamua kabla hajafungua mdomo. Hilo ni dhuluma, nalipinga waziwazi. Kinachokataliwa kiwe mpango, na mteja aambiwe sababu kwa namba anazoweza kuzihakiki. Anayetaka mbizi mbili asubuhi na ndege jioni ileile, mwambie naitrojeni bado imo mwilini na ushauri ni kusubiri angalau saa 18, kisha mpangie siku nyingine. Wale wawili tuliwapeleka kwenye mwamba wa mita 16, wakatoka majini wakicheka.

"Atakwenda duka la pili." Ndiyo, baadhi huenda. Mimi huwapigia simu wenzangu wa duka la pili nikawaeleza mpango niliouona. Wapo watakaosema naingilia mambo ya watu. Sawa, nitaubeba ubaya huo.

Panaponisumbua kweli ni pa kujaza mitungi. Mtu ana boti yake, ana kadi, hahitaji kiongozi, anataka hewa tu, halafu wakati mtungi unajaa anakutajia anakokwenda na unajua kabisa mpango hausimami. Niliwahi kumjazia mtu wa namna hiyo. Nilishinda mlangoni natazama bahari mpaka boti yao iliporudi, na mteja mwingine akija nilikuwa simsikii vizuri. Walirudi salama. Leo nisingejaza. Nyie mnaojaza mitungi, mngefanyaje?