Kufundisha Kiingereza kwa wanaoanza sifuri, bila kitabu: nijiandae vipi?

Mkwezi_wa_Nungwi:
Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zijazo naanza darasa la jioni hapa Nungwi, Zanzibar. Watu wazima 18: wapishi, manahodha wa boti za wageni, kina mama wanaopaka hina. Wanachojua ni "hello my friend", basi. Wiki sita, siku tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila kipindi. Nina ubao na chaki. Kitabu hakuna, hela ya kutoa kopi hakuna, na wawili watatu hata Kiswahili wanakisoma kwa kubabaisha. Niandae nini?

ChakiNyeupe:
Mkuu, hizo ni saa 27 kwa jumla. Hazitoshi kufundisha sarufi, kwa hiyo usiiguse. Wiki hii pita kwa watano kati yao, waulize: mgeni akikusemesha, unakwama wapi? Andika majibu kwa Kiswahili, kisha yageuze kuwa sentensi 40 hivi za Kiingereza. Huo ndio mtaala wako. Kila kipindi chukua miundo miwili na maneno mapya yasiyozidi kumi. Ukizidisha, kesho yake wamebaki na manne.

Mfano, "How much is the ___?" Leta vitu vyenyewe: samaki, nazi, kanga, piko. Sema mara tatu wao wakisikiliza tu. Kisha darasa zima liitikie, kisha upande wa dirishani uulize na wa mlangoni ujibu, kisha wawili wawili, mmoja mteja mwingine muuzaji. Mtu mmoja mmoja awe wa mwisho kabisa. Walimu wengi wanaruka kutoka kuitikia pamoja hadi "haya, wewe simama", na mtu mzima akishachekwa mbele za watu kesho humwoni.

Zana: mfuko wa saruji wa karatasi, toa tabaka la ndani, kung'uta vumbi, unapata bango kubwa la kuandikia kwa makapeni. Katoni kata kadi za ukubwa wa kiganja, picha upande mmoja, upande wa pili uache mtupu kwanza.

BintiMkunazini:
Naongezea la saa, maana hapo ndipo boti inaondoka bila mgeni. Nahodha anawaza saa mbili asubuhi, anasema "two o'clock", mgeni anajitokeza baada ya adhuhuri. Usiwafundishe kujumlisha sita, wanachanganyikiwa. Chora saa ya mishale kwenye katoni na waoneshe kwamba saa ya Kiingereza ni namba inayotazamana na ya Kiswahili: mbili inatazamana na nane, tatu na tisa, kumi na mbili na sita. Mshale ukae kwenye mbili, kidole kivuke upande wa pili, mdomo useme "eight". Dakika kumi kila kipindi kwa wiki nzima.

Na bei! "Fifteen thousand" na "fifty thousand" kwa sikio la anayeanza ni kitu kimoja, kumbe tofauti ni shilingi 35,000. Kwenye "fifteen" mkazo uende mwishoni na uvutwe; kwenye "fifty" uwe mwanzoni, mwisho ukatwe. Halafu kila akitaja bei aiandike mchangani au kwenye simu amwoneshe mteja.

Matamshi ya "th" yasikupotezee muda, Mzanzibari anayo tayari. "Think" inaanza kama thamani, "this" kama dhahabu. Shida yao itakuwa irabu ya mwishoni: "fishi", "boti", "goodi". Neno la Kiswahili linapenda kumalizika kwa irabu, ulimi umezoea. Kata hewa kwa kiganja kila neno linapoisha, wataelewa bila maelezo.

Mzee_wa_Zamu:
"He" na "she" watachanganya miezi, kwa sababu yeye wetu hachagui. Wasahihishe kwa kuonesha mtu kwa mkono, usisimamishe mazungumzo. "A" na "the" ziache kabisa.

Wale wanaokikataza Kiswahili darasani siwaafiki. Maelekezo ya sekunde kumi kwa Kiswahili yanaokoa dakika tano za kuigiza kama bubu.

Mkwezi_wa_Nungwi:
Ahsanteni sana. Dada BintiMkunazini, hiyo ya kutazamana sikuwahi kuiona. Kuandika nianze wiki ya ngapi?

BintiMkunazini:
Siku ya kwanza, ila dakika kumi za mwisho na sentensi tatu tu, zile walizokwisha kuzisema. Ukitanguliza ubao, atasoma kama anavyosoma Kiswahili, herufi kwa herufi: "eight" itakuwa "eigiti", "how much" itakuwa "ho muchi", na kulifuta hilo ni kazi. Sikio kwanza, mdomo, ndipo chaki. Wasiosoma wape kadi za picha, na usiku watumie sauti ya sekunde 30 kwenye kundi la WhatsApp, wairudie wakipika. Ule upande mtupu wa kadi wataandika wenyewe kuanzia wiki ya tatu.