Chumba cha uzazi wanakiita jela ya watumwa, na birika wamelijaza saruji

Wakuu, habari za leo. Nilitaka hasira zipoe kwanza ndipo niandike. Hazijapoa.

Kuna makumbusho madogo kwenye mji mmoja mkongwe wa mwambao. Mji siutaji na nyumba siitaji, kwa sababu sitaki uzi huu uishie kwa kijana mmoja kufukuzwa kazi halafu mambo yaendelee vile vile. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, ya ghorofa, mlango wa nakshi, baraza mbili nje. Nilimpeleka shangazi yangu. Shangazi kazaliwa Lamu kwenye nyumba ya namna hiyo hiyo, akaolewa Tanga, na hajakanyaga nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi vya ukutani, tangu wazazi wake wafariki. Alijipamba kama anayekwenda harusini.

Mwongozaji alitupokea vizuri. "Shikamoo bi mkubwa," akaitikiwa. Wakaingia wageni kutoka Ulaya, tukaunganishwa nao, na kuanzia hapo maelezo yote yakawa ya Kiingereza, sisi tunafuata nyuma. Najua mwenyeji analipa pungufu ya mgeni. Lakini aliyelipa pungufu naye ameingia kujifunza, na nyumba yenyewe ni ya wazee wake.

Sasa sikilizeni. Nyumba hizi zina mpango wake. Unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa kupokelea wageni, unatokea kiwandani, yaani ua wa ndani, ambako juu ni wazi. Kisha kumbi zinazofuatana: msana wa tini, msana wa juu, halafu chumba kinachoitwa ndani. Kila unavyozidi kuingia sakafu inapanda kidogo, kwa kuwa unawaacha wageni nyuma na kuwaendea wenye nyumba. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mwisho kabisa, nyuma ya ukuta wa zidaka, kuna nyumba ya kati. Haina dirisha. Humo wanawake walijifungua, na humo maiti aliandaliwa kabla ya kutolewa kwenda kuzikwa. Hakuna chumba chenye heshima kuliko hicho.

Kijana akasimama mlangoni mwa chumba hicho, akawaambia wageni kwamba watumwa walifungwa minyororo humo wakingoja kusafirishwa, na kwamba zidaka zilikuwa za kuwekea taa za walinzi. Wageni wakapiga picha. Mmoja alifuta machozi.

Nikamfasiria shangazi. Akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, chumba kama hiki ndimo mama yangu alimonizaa. Na zidaka ni za vyombo na vitabu, ni pambo la nyumba." Kijana akajibu, "Sawa bi mkubwa, lakini sisi tunafuata maelezo tuliyopewa." Akageuka, akaendelea na wageni wake.

Maelezo tuliyopewa! Na nani? Aliyeyaandika aliwahi kukaa na bibi yeyote wa mji ule akamuuliza?

Mtu asije hapa kuniambia nataka kuficha utumwa. Ninachokasirikia ni kwamba wao ndio wanaouficha. Utumwa ulikuwemo kwenye nyumba zile, tena kwa wingi. Matumbawe yalichongwa na kubebwa na watu, chokaa ilichomwa na watu, maji yalipandishwa ngazi hadi kidari cha meko, jiko la kule juu, na watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Si mbali hivyo. Wapo wazee tuliowazika sisi wenyewe ambao bibi zao walizaliwa utumwani. Watu hao walilala upande gani wa nyumba? Walipika nini? Walipoachwa huru walibaki na nani, wakahamia wapi, wajukuu wao wako mtaa gani? Makumbusho yale hayana mstari hata mmoja juu yao. Wamewatungia minyororo kwenye chumba ambacho hawakufungwa, kwa sababu mgeni akilia anatoa bahashishi. Maisha yao ya kweli, yaliyopita humo humo jikoni na kisimani, hayana hata kibao.

Tukasogea kwenye kabati la vioo. Kuna bakuli la maua, kibao kinasema ni la China la karne ya 15. Limeegemezwa ubavu, na chini yake muhuri wa kiwanda unasomeka wazi: Maastricht. Huo ni mji wa Uholanzi. Viwanda vyake vilileta bakuli za namna hiyo pwani yetu kwa shehena katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na familia nyingi bado wanazo, wanazitoa siku ya Idi. Ingekuwa habari nzuri sana kueleza: bakuli lilitoka wapi, lilikuja kwa meli gani, bibi harusi alipewa mangapi. Ya China nayo yapo pwani, ya kale kweli, na yana historia yake. Lakini hakuna aliyejisumbua kuinama na kusoma muhuri.

Zidaka zenyewe zimejaa vinyago na shanga za kuuza, zina bei juu yake. Ukuta wa plasta ya chokaa iliyochongwa kwa mkono huuoni, unaona bidhaa. Duka liwepo, tena wauze, kila mtu ale. Mbona wasiliweke pale tekani?

Shangazi akauliza, "Mwanangu, choo kiko wapi? Nataka kuliona birika." Ninyi ambao hamjui, birika la nyumba hizi ni tangi la mawe na chokaa la kuwekea maji ya kuogea. Hutiwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na chini hujengewa bakuli la kauri. Watu walifikiria mbu na maji safi zamani hizo, ndani ya nyumba zao. Mimi ningeanzia hapo kumweleza mtoto wa shule.

"Huko tumefunga bi mkubwa, ni stoo." Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Nikasukuma. Birika limejaa mifuko ya saruji, makopo ya rangi na mabomba ya plastiki.

Na saruji hiyo ndiyo wanayopiga kwenye kuta. Ukuta wa nyuma wa kiwanda, ule wa uani, wameshaumaliza, wakapaka rangi ya mafuta juu. Wakuu, marehemu baba alikuwa mwashi, jambo hili alilisema maisha yake yote. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji, maji na chumvi vinabaki ndani, plasta inavimba, inapasuka, na ikibanduka inaondoka na jiwe. Ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza bila mtu kuona. Chokaa ina kazi ndefu: matumbawe yachomwe kwa magogo, yazimwe kwa maji, yaachwe yaive. Saruji unanunua asubuhi, jioni umemaliza. Miaka michache baadaye unapiga simu kwa wafadhili unasema jengo ni chakavu.

Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, Zanzibar, iliporomoka, watu wawili wakafa. Jumba la mwaka 1883, la Sultani Barghash, nalo lilikuwa makumbusho. Sisemi ugonjwa ni uleule, lile lina ujenzi wake. Nasema tumeshaona nyumba ya kumbukumbu ikianguka mbele ya macho yetu, na bado mtu anarundika saruji ndani ya birika.

Shangazi hakusema neno njiani. Alipofika nyumbani akaniuliza kama yale maelezo yanaweza kubadilishwa na yeye akaenda kuwaeleza bure, kwa Kiswahili, wayaandike.

NYONGEZA: Kwa anayesema "si muandike barua ofisini", barua imepelekwa, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ninachotaka humu ni watu wa mambo ya kale na waashi wa chokaa, najua mpo. Nijibuni haya. Ukuta uliokwishapigwa saruji unaweza kubanduliwa bila kuvunja matumbawe, na unaanza na upande upi? Na nani kisheria anaidhinisha ukarabati kwenye nyumba kama ile, ili barua ya pili iende kwake moja kwa moja?