Maandalizi ya maombi ya chuo kikuu yaanze lini?

Swali: Habari zenu. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa sekondari na anatamani kuomba vyuo vya Marekani. Je, aanze kujiandaa sasa, au asubiri mwaka wa mwisho?

Jibu la 1: Aanze sasa, ndugu yangu, kwa sababu vyuo vingi hutazama alama za miaka yote ya sekondari, na somo lililoporomoka mapema si rahisi kulifidia kwa juhudi za miezi michache.

Jibu la 2: Nakubaliana, ila ningetilia mkazo insha. Ile ya Common App, yaani fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650, na ugumu wake uko katika ufupi huo. Kijana aliyezoea kuandika shajara, akieleza alichojaribu, alichoshindwa na kilichombadilisha, hakosi la kusema. Mwanangu aliiandika yake kwa siku tatu, na bado ninasikitika kwamba sikumhimiza mapema.

Jibu la 3: Asisahau barua za walimu za kumpendekeza chuoni. Mwalimu anayemfahamu vizuri humwandikia kwa mifano halisi, kwa hiyo ashiriki darasani na aombe barua mapema.

Mwuliza swali: Asanteni sana. Tutaanza na shajara.