Naomba ushauri: trauti wanakagua nzi bandia kisha wanageuka

Wakuu, habari za leo. Nimekwama, naomba mwenye uzoefu wa kuvua trauti (samaki wa maji baridi) kwa nzi bandia, yaani chambo kinachoigiza mdudu, anisaidie.

Navua mto wa mlimani, na kiangazi kinaelekea ukingoni. Maji yamepungua, meupe mpaka unahesabu kokoto chini. Naanza alfajiri, kipimajoto kikifika nyuzi 20 nakunja vitu, maana maji ya joto yana oksijeni kidogo na samaki unayemwachia anaweza kufa tu.

Natumia panzi bandia, ndoano namba 10, uzi wa mwisho 4X (kipimo cha unene; namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi), urefu mita 2.7 kutoka kwenye mshipi. Trauti anapanda taratibu, pua karibu iguse panzi, anateremka naye kama nusu mita akimkagua, halafu anazama zake. Huyohuyo mara tatu! Nimebadilisha nikaweka sisimizi namba 16, mambo ni yaleyale. Nimepiga magoti nyuma ya jiwe ili kivuli changu kisianguke majini. Sasa hawakimbii, ila kula hawali.

Kitu kimoja nimekiona jana: panzi wangu huacha kamkia kembamba ka maji nyuma yake, wakati majani makavu yanayoelea pembeni hayaachi. Nahisi mkondo wa katikati unauvuta mshipi.

Je, nirekebishe kwanza mahali ninaposimama na namna ya kutupa, au nishuke hadi 6X? Na kwa uzi mwembamba hivyo, samaki mkubwa namtoaje haraka bila kukatika wala kumchosha kupita kiasi?