Nimepewa cheo Namanve, lakini nikipiga hesabu naona hasara: niende au nibaki Malaba?

Karani wa Malaba

Salamu kwenu nyote. Ninafanya kazi katika kampuni ya uwakala wa forodha hapa Malaba, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, ambako kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo, kuziingiza katika mfumo wa URA, yaani mamlaka ya mapato, na kufuatilia malori hadi yaruhusiwe kuondoka. Mshahara wangu ghafi, yaani kabla ya makato, ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Meneja ameniita na kunieleza kwamba nafasi ya msimamizi imepatikana katika ghala letu la Namanve, karibu na Kampala, na kwamba nikiikubali nitalipwa shilingi 1,200,000. Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wazazi wangu wamefurahi kana kwamba nimeapishwa kuwa waziri, lakini mimi sina amani. Hapa ninalipa pango la shilingi 120,000 na kazini ninakwenda kwa miguu. Chumba nilichoulizia Kireka ni shilingi 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, na nauli ya kwenda Namanve na kurudi haitapungua shilingi 4,000 kwa siku. Juu ya hayo, mwezi wa pili nilikopa shilingi 1,000,000 kwa mkopeshaji binafsi ili mdogo wangu wa kike asifukuzwe shule kwa kukosa karo. Riba ni asilimia 10 kwa mwezi. Tangu wakati huo ninalipa riba peke yake, deni lenyewe limesimama palepale, na kadi yangu ya benki anaishikilia yeye. Akiba yangu yote ni shilingi 350,000 iliyoko katika Sacco, chama cha akiba na mikopo cha hapa mjini.

Naomba ushauri juu ya mambo mawili. Je, nyongeza ya shilingi 300,000 inatosha kunihamisha? Na deni hili nalimalizaje, maana sitaki kuingia nalo Kampala?

Mhasibu wa Jinja

Ndugu yangu, tuanze na hiyo nyongeza ya shilingi 300,000, kwa sababu haipo. Watu wengi nchini hujadili mishahara ghafi kana kwamba URA imefungwa. Kwa viwango vya PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, vilivyowekwa mwaka 2012, shilingi 235,000 za mwanzo hazitozwi kodi, lakini kila shilingi inayozidi 410,000 hukatwa asilimia 30, na kiasi kilicho chini ya hapo huwa kimeshakatwa jumla ya shilingi 25,000. Kwa mshahara wako wa sasa, kodi ni shilingi 172,000 na mchango wako wa asilimia 5 kwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 45,000, kwa hiyo mkononi unabaki na 683,000. Kwa mshahara mpya, kodi itakuwa 262,000 na NSSF 60,000, nawe utabaki na 878,000. Nyongeza yako halisi ni shilingi 195,000.

Sasa toa gharama. Pango linapanda kwa 130,000. Nauli ya 4,000 kwa siku 26 za kazi ni 104,000. Jumla ni 234,000, yaani utakuwa msimamizi mwenye upungufu wa shilingi 39,000 kila mwezi ukilinganisha na karani aliyebaki Malaba, na bado hatujagusa chakula cha mchana wala zile shilingi 750,000 za kuingilia chumba, ambazo kwa maelezo yako huna.

Kuna upande mmoja unaokufaidi ambao hauonekani mkononi. Mwajiri huchangia NSSF asilimia 10 juu ya asilimia 5 yako, kwa hiyo akiba yako huko itatoka 135,000 hadi 180,000 kwa mwezi. Mfuko ulitangaza riba ya asilimia 11.5 kwa mwaka wa fedha 2023/24 na asilimia 13.5 kwa 2024/25, na hiyo si haba. Lakini fedha hizo hutazigusa kesho, kwa kuwa hata ile ruhusa iliyoletwa na marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, ya kuchukua hadi asilimia 20 kabla ya kustaafu, inahitaji mwanachama awe ametimiza miaka 45 na amechangia kwa miaka 10. Kwa hiyo usiitumie NSSF kujibu swali la kodi ya nyumba. Hakikisha tu kwamba makato yanafika kweli: mwajiri anatakiwa kuyawasilisha ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, na taarifa yako unaweza kuiona kwenye simu.

Kuhusu deni, hapa ndipo ningekazania kuliko kwenye cheo. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi maana yake ni kwamba ndani ya miezi kumi utakuwa umemlipa shilingi 1,000,000 na bado unadaiwa 1,000,000. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo akiba yako ya 350,000 inaweza kukupatia mkopo wa kiasi hicho unachodaiwa. Chukua mfano wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi inayohesabiwa kwa salio linalopungua. Ukirejesha 100,000 ya mtaji kila mwezi kwa miezi kumi, riba yote itakuwa shilingi 110,000. Rejesho la kwanza litakuwa 120,000, na kila mwezi litapungua kwa 2,000. Unatoa 100,000 sasa hivi bila deni kusogea, basi ongeza 20,000 uanze kulibomoa.

Uliza kwanza namna Sacco yenu inavyohesabu riba. Zipo zinazotoza asilimia 2 ya mkopo wote kila mwezi hata ukiwa umebakiza rejesho moja, na hapo riba ya miezi kumi inakuwa 200,000. Bado ni nafuu kubwa kuliko ulipo.

Mama wa Duka, Tororo

Mwanangu, hesabu za huyo mhasibu ni safi, ila ameruka jambo moja ambalo sisi tuliokaa katika kamati za mikopo hulitazama kabla ya hesabu. Mkopo wa Sacco una wadhamini, na wadhamini wako watakuwa watu wa Malaba. Ukihamia Kampala mwezi mmoja baada ya kukopa, wao ndio watakaofuatwa siku rejesho litakapochelewa, na akiba zao ndizo zitakazoguswa. Kwa hiyo waambie mapema kwamba unahama, na umwombe mwajiri wako akate rejesho moja kwa moja kwenye mshahara na kulipeleka Sacco. Mkopaji anayekuja na barua ya namna hiyo husikilizwa upesi kuliko anayekuja na maneno matamu.

Siku ya kumlipa mkopeshaji, usiende peke yako. Rudisha fedha mbele ya shahidi, andikiana naye kwamba deni limekwisha, chukua kadi yako, kisha kaibadilishie namba ya siri siku hiyohiyo. Na ikiwa alikutilisha saini karatasi ya mauzo ya pikipiki au kiwanja badala ya karatasi ya mkopo, kama wengi wao wanavyofanya, usiondoke pale bila karatasi hiyo. Wakopeshaji binafsi wanatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo, chini ya sheria ya mwaka 2016, kwa hiyo akileta ukaidi unajua pa kuuliza.

Tena wazazi wako, uwatajie 878,000. Ukitamka milioni moja na laki mbili, ukoo mzima utapanga harusi juu ya fedha za URA. Karo ya mdogo wako nayo igawe: mihula ni mitatu kwa mwaka, kwa hiyo jumla ya mwaka igawanye kwa kumi na miwili na uiweke kando kila mwezi, ili Februari isikukute tena mlangoni kwa mkopeshaji.

Mimi ningebaki mpaka deni liishe. Cheo cha kweli hakiozi kwa miezi kumi.

Mzee wa Bondi

Kwa heshima zote, Mama, katika kazi hii cheo huoza kwa wiki moja. Nafasi ya msimamizi ikikataliwa Jumatatu, Ijumaa ina mtu mwingine.

Kijana, nimefanya kazi za forodha tangu siku ambazo lori lingeweza kulala Malaba siku kadhaa likisubiri karatasi. Tangu mwaka 2014, Eneo la Forodha la Pamoja la Afrika Mashariki lilipoanza, hati za mzigo unaokuja Uganda zinaandaliwa na kodi inalipwa wakati kontena bado liko Mombasa, na hati nyingi hupitiwa na URA huko Nakawa, Kampala. Kituo kimoja cha mpakani, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi pamoja, nacho kimepunguza hatua zilizobaki. Ni jambo jema kwa nchi, lakini jiulize: kazi ya karani wa mpakani inaongezeka au inapungua? Kwa maoni yangu inapungua, na wanaoendelea katika fani hii ni wale wanaojua ghala, hesabu za mzigo ulio chini ya dhamana ya forodha, na namna ya kusimamia watu. Mambo hayo utayajifunza Namanve, na Malaba hutayaona.

Kwa hiyo hiyo hasara ya 39,000 mimi naiona kuwa ni ada ya mafunzo, na ni ada ndogo. Lakini ada haifai kulipwa na mwanafunzi peke yake pale anayefaidika ni mwajiri. Omba mambo matatu. Kwanza, posho ya kuhama inayolipwa mara moja, maana anayekuhamisha ni yeye. Pili, nafasi katika gari la wafanyakazi, kama kampuni inalo; maghala mengi ya Namanve yana magari ya kuwachukua watu asubuhi, na hapo ile 104,000 inafutika. Tatu, akulipie masomo ya cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, kile tunachokiita EACFFPC, kama bado hunacho. Hicho utaondoka nacho hata kampuni ikifungwa.

Na usihame kwa maneno ya mdomo. Barua itaje cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, na iwapo kuna kipindi cha majaribio. Kikiwapo, iandikwe pia kwamba usipothibitishwa utarudishwa kwenye kazi yako ya awali kwa mshahara wako wa awali. Nimeona watu wakipandishwa cheo, wakashindwa majaribio, wakajikuta hawana cheo kipya wala kiti cha zamani.

Karani wa Malaba

Nawashukuru sana, Mzee, Mama na ndugu Mhasibu. Sacco imenijibu kwamba inahesabu riba kwa salio linalopungua, na wadhamini wawili wamekubali. Gari la wafanyakazi lipo, ila linaanzia Mukono, si Kireka. Hofu yangu iliyobaki ni kwamba nikimpelekea meneja masharti matatu, ataona najivuna na kumpa mwingine. Je, si afadhali niombe tu mshahara wa 1,350,000 na kunyamaza kuhusu mengine?

Mhasibu wa Jinja

Usiombe hivyo. Katika kila shilingi 100 utakayoongezewa kwenye mshahara, 30 zinakwenda URA na 5 NSSF, na yeye mwenyewe analipa 10 zaidi NSSF. Nyongeza ya 150,000 itamgharimu 165,000 kwa mwezi, nawe itakufikia 97,500, ambayo haitoshi hata hiyo nauli. Gari linaloanzia Mukono halimwongezei gharama meneja karibu chochote, kwa sababu tayari linatembea. Ombi linalomgharimu kidogo na kukufaa sana ndilo rahisi kukubaliwa.

Taarifa ya Mukono inabadilisha hesabu yote. Ukipanga huko badala ya Kireka, nauli inakwisha. Uliza vyumba kabla ya kufanya uamuzi. Hata ukikipata kwa bei ileile ya 250,000, nyongeza yako ya 195,000 inapunguzwa na tofauti ya pango ya 130,000 tu, na unabaki na 65,000. Toa 20,000 za kuongezea rejesho la kwanza la Sacco, na bado zinabaki 45,000. Upande wa hasara umeshafutika kabla hujamwomba meneja kitu chochote zaidi ya kiti.

Kwa hiyo barua yako mwandikie ukikubali nafasi katika sentensi ya kwanza, kisha uombe kiti katika gari la Mukono na posho ya kuhama inayolingana na kodi ya miezi mitatu. Akishindwa kuitoa kama posho, aitoe kama malipo ya awali ya mshahara yatakayokatwa kidogokidogo ndani ya miezi sita bila riba. Waajiri wengi hukubali hilo. Fahamu tu kwamba makato hayo ni kama 125,000 kwa mwezi, kwa hiyo miezi sita ya mwanzo itakubana kweli, na pengine itabidi uombe Sacco ikupe muda mrefu zaidi wa kurejesha. Cheti cha Mzee kiache kwa mazungumzo ya baada ya kuthibitishwa kazini. Barua ya makato ya Sacco iombe siku hiyohiyo, kabla faili lako halijahamishwa kutoka Malaba, kwa sababu ofisi ya mishahara ya makao makuu haitakujua kwa muda.