Mashua inaingiza maji, wageni waja Ijumaa

Assalaam aleikum. Mashua yetu ya tanga, hapa Lamu, inavuja. Kila asubuhi twafua maji ndoo tatu. Marafiki sita watalala humo. Niikalafati yote, yaani nizibe upya nyufa zote za mbao kwa pamba?

— La, ndugu. Ipandishe mchangani wakati wa bamvua, maji yajaapo sana. Ikipwelewa, kausha ngama, sehemu ya chini ndani ya mashua, kisha mimina maji ndani: yanapochuruzika nje ndipo penye tundu. Toa pamba iliyooza, sokota mpya na mafuta ya nazi, gonga kwa patasi butu. Usishindilie mno, mbao zikivimba zitaisukuma nje.

— Halafu paka shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, chini ya mstari wa maji. Bila hiyo wadudu watatoboa mbao. Juu paka sifa, mafuta ya papa, lakini leo. Harufu yake haifai kulaliwa na wageni.

— Mbao za juu zimwagie maji ya bahari asubuhi na jioni. Zikikauka zinaachana, na mashua ikilala upande huvuja hapo.