Kibodi ya 1,800, kazi ya saa tatu, halafu mwizi ni mimi?

Wadau, salaam. Nafungua uzi huu hasira hazijapoa, kwa hivyo maneno yakinitoka makali mtanisamehe.

Mimi ni fundi wa laptopu hapa Mombasa, kibanda changu kiko upande wa Mwembe Tayari, mwaka wa tisa huu. Juzi kaja bwana mmoja wa kazi za kutoa mizigo bandarini. Laptopu yake imemwagikiwa chai ya tangawizi, herufi A na S zimekufa, nyingine ukiibonyeza mara moja yaandika mara nne. Mashine haijatimiza miaka miwili. Nikamwambia kibodi ni shilingi 1,800, kazi ni 2,500. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Fundi, mkono wako una bei kuliko kibodi yenyewe? Wizi gani huu?" Alisema kwa sauti, muuza kahawa wa jirani akasikia, na akisikia yeye basi Mwembe Tayari nzima imesikia.

Sasa naomba mnisikize nieleze hiyo 2,500 yaenda wapi.

Kibodi ya mashine ile haitoki kwa juu. Lazima nianze na kifuniko cha chini: skrubu kumi na moja, za urefu wa aina tatu. Ukikosea ukatia ndefu pahali pa fupi, yatokeza upande wa pili, na mteja aja kukuonyesha kipele. Mbili kati yake zimefichwa chini ya miguu ya mpira iliyogandishwa, na mpira ule ukishabanduliwa haukai tena sawasawa. Kisha natoa betri. Natoa diski, feni, bodi, spika, waya wa kioo, bawaba zote mbili na kioo chenyewe. Meza yote imejaa, mkononi nimebaki na ganda tupu. Ndipo naiona kibodi, nayo haina skrubu hata moja. Imeshikwa na vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa huko kiwandani. Nilishawahi kuvihesabu: 62. Kila kimoja nakikata kichwa kwa kisu, natia kibodi mpya, halafu vile vigutu navichoma tena kwa chuma cha kulehemu nikiomba Mungu vishike. Hushika. Lakini chai ikimwagika mara ya pili, hapana tena cha kuyeyusha, itabidi anunue sehemu nzima ya juu.

Saa tatu hizo, na pumzi nimebana. Na kwa kitu gani? Kwa kitu kinachogongwa vidole kutwa, kinachomwagiwa vinywaji, kinachokula makombo ya mahamri na hii hewa yetu ya chumvi. Kibodi yajulikana kuwa itakufa mapema. Aliyeichora mashine ile akaizika chini ya kila kitu kama msingi wa nyumba. Mimi siamini kwamba hakujua.

Tena msiniambie haiwezekani. ThinkPad T420 ya mwaka 2011, laptopu hizi zinazotufikia kama mitumba kutoka Uingereza, kibodi yake yatoka kwa skrubu chache za chini, na betri waisukuma kwa kidole yatoka bila bisibisi. Nimeziuza, nimezitengeneza, wengine bado wazitumia hadi leo. Mtu atasema zile ni nene kama tofali. Haya, kuna Framework, kampuni ya Marekani iliyotoa laptopu yake ya kwanza 2021. Ni nyembamba, na bisibisi wakupa ndani ya boksi. Chini ina skrubu tano tu, nazo ukizilegeza hubaki kwenye kifuniko hazidondoki. Sehemu yote ya juu yenye kibodi imeshikwa kwa sumaku, wainua kwa mkono. Ukitaka mashine mpya, wabadilisha bodi tu ndani ya kasha lile lile la 2021. Mimi sijaletewa hata moja kibandani, nimeziona kwenye video tu, na nikaona wivu kama mtu anayechungulia harusi ya jirani.

Kilichoniuma zaidi kwao ni tundu la chaji. Huku kwetu ndiyo kazi yangu kubwa: waya umevutwa, mtoto kaikanyaga, tundu limelegea. Laptopu nyingi za bei nafuu sasa tundu limelehemewa juu ya bodi kuu, kwa hivyo kitu cha shilingi mia mbili chanilazimisha nipulize moto kwenye bodi ya elfu kumi na tano. Mkono ukitetemeka, nimeilipa mimi. Kwa Framework tundu liko kwenye kidude kidogo kinachochomekwa pembeni. Likilegea, wachomoa, watia jingine. Mwisho wa hadithi.

Bawaba sitaki hata kuzianza. Chuma kigumu kimefungwa kwenye nati za shaba zilizodidimizwa ndani ya plastiki laini. Ufungue ufunge mwaka mmoja, plastiki yapasuka. Mimi hujaza gundi ya kuchanganya, na nakiri: fundi atakayeifungua baada yangu atanilaani.

Kuna hoja moja ya watengenezaji ambayo naikubali nusu. Memori zile zinazotumia umeme kidogo zilikuwa lazima zilehemewe karibu na prosesa, la sivyo mawimbi yaharibika njiani. Sawa. Lakini 2024 Lenovo walitoa ThinkPad P1 yenye memori hiyo hiyo kwenye kibao kinachofungwa kwa skrubu, chaitwa LPCAMM2. Kumbe njia ipo, ikitafutwa.

Wafaransa tangu Januari 2021 laptopu dukani lazima iandikwe alama juu ya kumi ya vile inavyotengenezeka, na urahisi wa kuifungua na bei ya vipuri vyahesabiwa. Ulaya nzima, kuanzia Februari 2027, sheria yasema betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mwenyewe. Hapa kwetu mteja asoma kibandiko: prosesa, memori, ukubwa wa kioo. Hakuna panapoandikwa "kibodi imezikwa". Hilo hulijua nikiwa nimeshika kisu, na anayeonekana tapeli ni mimi, si aliyeichora.

Yule bwana, kwa habari yenu, aliondoka na laptopu yake kwapani. Jana akarudi. Alikuwa ameipeleka kwa mwingine aliyemtoza 1,000, na yule kaing'oa kibodi kwa nguvu kutoka juu, akauchana pia utepe wa kipanya cha kugusa. Sasa nitengeneze vyote viwili, na yeye bado aniuliza kama sitampunguzia.

Mafundi wenzangu wa Kongowea, Likoni na Mtwapa, kibodi za vijiti nyinyi mwatoza ngapi? Semeni wazi hapa, nimwonyeshe kesho akija.